Mtoto Si Fimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa humu hata mara moja, nalo ni hali ya wazazi wasioona wanaolea watoto, na msaada unaowafaa. Najua wasomaji wengine watasema, "Jambo hilo ni la hospitali au la serikali, sisi latuhusu nini?" Nawaomba wasiharakishe kufunua ukurasa. Mimi ni mwanafunzi wa bweni katika shule hii, nanyi mmenizoea, lakini wengi wenu hamjui kwamba mama yangu mzazi haoni kabisa. Mwenyewe hulitumia neno kipofu bila ya kuona haya. Husema, "Mimi ni kipofu, si mgonjwa, wala si mtoto."

Maoni yangu kwa ufupi ni haya. Mzazi asiyeona aweza kulea, na msaada unaomfaa ni ule unaopita mikononi mwake mwenyewe. Msaada unaomruka mzazi ukaenda kwa mtoto wake, hata ukitolewa kwa moyo mwema, humvunjia mzazi heshima, na humtwika mtoto mzigo usio wake.

Mama alizaliwa akiona. Alipokuwa na umri wa miaka minne alipatwa na surua, na macho yake yote mawili yakaharibika. Zamani surua iliwapofusha watoto wengi katika nchi zetu, hasa wale waliopungukiwa na vitamini A mwilini. Ndiyo maana siku hizi watoto wetu huchanjwa surua na kupewa matone ya vitamini hiyo. Baadaye alipelekwa shule ya wasioona, akajifunza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Maandishi hayo yalibuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka akiwa mtoto mdogo kwa kuumizwa na chombo cha kazi katika karakana ya baba yake. Hapa kwetu mkoani Dodoma tunayo shule ya wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa mwaka 1950. Basi elimu ya wasioona si jambo jipya katika nchi hii. Lakini elimu ya kuishi nao sisi tunaoona bado ni ndogo.

Nilipozaliwa, ndugu wa pande zote mbili walikutana. Walisema mtoto ataungua, mtoto ataanguka, mtoto atakufa kwa kiu mama asijue. Wakashauri nipelekwe mjini kwa shangazi mpaka nifike umri wa kwenda shule. Baba hakuwa na la kusema, maana yeye ni utingo wa lori na hurudi nyumbani labda mara moja kwa mwezi. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyekataa. Alisema, "Mtoto atakaa na mamaye. Anayetaka kusaidia na achote maji." Bibi hakusoma hata darasa moja. Lakini neno lake ndilo lililoandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 23 ya mkataba huo yasema kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wao, na kwamba nchi ziwape watu wenye ulemavu msaada ufaao katika kazi ya kulea watoto wao. Tazameni jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda pamoja: mwachieni mtoto wake, tena msaidieni. Bibi aliyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Watu huuliza, "Mtu asiyeona amleaje mtoto mchanga?" Nitasema niliyoyaona kwa mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne. Mtoto mchanga hakumpa mama taabu kubwa, kwa kuwa mtoto mchanga hukaa mgongoni, na mbeleko haihitaji macho. Homa aliitambua kwa kuweka shavu lake juu ya paji la uso wa mtoto. Wakati wa kulisha uji, mkono wake wa kushoto aliuweka chini ya kidevu cha mtoto, ukamwonyesha kinywa kilipo. Mtoto alipoanza kutambaa, mama alimfunga njuga ndogo mguuni. Zikilia alijua aliko, na zikinyamaza alisimama upesi, maana mtoto anyamazaye ana jambo. Jiko lilikaa daima mahali pamoja nyuma ya kizuizi cha matofali, wala hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuhamisha kitu chochote bila ya kumwambia. Nguo zetu alizitia mafundo ya uzi kwa ndani: fundo moja langu, mawili la mdogo wangu wa kike. Fedha za biashara yake ya karanga na ubuyu huzikunja kila noti kwa namna yake, na tena noti zetu hazilingani urefu.

Lakini nisidanganye kwamba hakuna asiloliweza. Upele mwembamba kwenye ngozi ya mtoto vidole haviutambui upesi. Mwiba mguuni hawezi kuutoa. Kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito hawezi kuisoma, nayo ndiyo inayoonyesha kama mtoto anakua au anadhoofika. Hapo ndipo msaada unapotakiwa, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba msaada ni wa namna mbili.

Siku moja mama alikwenda kliniki na shangazi. Muuguzi alimpima mtoto, akaandika, kisha akamgeukia shangazi akamwambia, "Mwambie mama yake mtoto amepungua, ampe uji mzito." Mama alikuwa amekaa pale pale, mtoto mapajani mwake. Muuguzi yule hakuwa mtu mbaya. Alidhani anarahisisha kazi. Safari nyingine mtoto alikuwa na kikohozi, na muuguzi mwingine alikuwa zamu. Huyu alichukua bomba dogo la plastiki la kupimia dawa, akalichora alama kwa wembe mahali pa kipimo, akaushika mkono wa mama, akasema, "Mama, vuta mpaka kidole chako kikutane na mkwaruzo huu, basi, usizidishe." Kazi yake haikuchukua hata dakika tatu. Tangu siku hiyo mama alimnywesha mtoto dawa mwenyewe, usiku na mchana, bila ya kumwamsha mtu. Wauguzi wote wawili walitaka kusaidia. Wa kwanza msaada wake ulipita juu ya kichwa cha mama, na wa pili ulipita mkononi mwake.

Sasa naja kwenye kosa langu, nami naliandika ili mwone kwamba maoni haya sikuyapata kitabuni.

Nilipokuwa darasa la tano nilipenda mpira kuliko vitabu. Muhula wa kwanza ulipofungwa nilipewa ripoti niipeleke nyumbani. Nilikuwa nafasi ya 41 kati ya wanafunzi 63, na Hisabati nilipata alama 18. Mwalimu aliandika chini, "Mzazi afike shuleni." Mama aliniambia nimsomee. Nikamsomea kwamba nimekuwa wa 14, Hisabati 81, na mwalimu ameandika, "Aongeze bidii." Mama alifurahi mno. Alimchinja jogoo wake mmoja aliyekuwa naye, akawaita majirani wawili, akawaambia, "Mwanangu amekuwa wa kumi na nne." Nami nililila paja la jogoo huyo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Shule ilipofunguliwa uliitishwa mkutano wa wazazi. Mwalimu akasoma kwa sauti majina ya watoto watakaobaki jioni kwa masomo ya Hisabati, pamoja na alama zao. Mama alilisikia jina langu mbele ya wazazi wote, na miongoni mwao walikuwapo wale majirani wawili. Jioni aliniita. Hakunipiga. Alisema, "Mara ya kwanza nilipofushwa na surua. Mara ya pili umenipofusha wewe." Kisha akaenda kulala bila ya kula.

Kosa lilikuwa langu, wala simtupii mtu mwingine. Lakini nawauliza walimu wangu na wazazi wanaosoma: je, ni busara kumpa mtoto wa miaka kumi na mmoja barua inayomshtaki yeye mwenyewe, kisha kumfanya yeye ndiye msomaji wa pekee wa barua hiyo? Mahakamani hakuna mshtakiwa anayepewa kazi ya kumsomea hakimu ushahidi. Kwa mzazi anayeona, barua ndiyo njia ya mwalimu kuzungumza naye. Kwa mzazi asiyeona, barua ile ilimpa mtoto madaraka juu ya mama yake, na mtoto akayatumia vibaya.

Mama hakuishia kulia. Alikwenda kwa mwalimu wa darasa akamwomba neno moja: kila shule itakapofungwa ampigie simu, amsomee ripoti nzima, hata iwe mbaya. Mwalimu alikubali, na alifanya hivyo kila muhula mpaka nilipomaliza darasa la saba. Simu yenyewe ilikuwa ya dakika kumi hivi. Mwaka huo huo mchezo wangu ulipungua, maana nilijua mama atayajua yote kabla sijafika mlangoni. Sisemi kwamba ningefika kidato cha nne kwa akili zangu tu. Nimefika kwa simu zile.

Jambo la pili linamhusu mdogo wangu wa kike, aliye darasa la sita, nalo ndilo linalonisumbua zaidi usiku hapa bwenini. Tangu nikiwa na miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza mama njiani. Yeye ameshika bega langu, nami natangulia. Nilipochaguliwa kuja shule hii kijiji kizima kilinipongeza, na hakuna aliyeuliza nani atashika nafasi yangu. Nafasi yangu ilishikwa na mtoto wa miaka minane. Kila Jumanne kuna mnada ng'ambo ya barabara kuu, na mama huenda kuuza karanga na ubuyu. Kila Jumanne mdogo wangu hakwenda shule. Hebu fanyeni hesabu: siku moja katika siku tano ni sehemu ya tano ya masomo yote. Mtoto akiendelea hivyo miaka saba ya shule ya msingi, atakuwa amepoteza zaidi ya mwaka mzima. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada, lakini mdogo wangu alikuwa akilipa ada ya Jumanne.

Likizo iliyopita nilimwambia mama habari hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba jambo hilo lamuumiza siku zote, ila fimbo yake nyeupe ilivunjika, na barabara ile yenye malori hawezi kuivuka peke yake kwa kipande cha mti. Tukakubaliana kwamba yeye mwenyewe atazungumza na mama mmoja wa jirani auzaye vitunguu kwenye mnada huo huo. Mimi nilikwenda naye, lakini maneno aliyasema yeye. Mama muuza vitunguu akajibu, "Mwenzangu, miaka yote tunapita njia moja. Sikukwambia kitu kwa kuwa nilimwona mtoto yupo." Tangu hapo Jumanne wanakwenda pamoja, na mdogo wangu yuko darasani.

Neno hilo, "nilimwona mtoto yupo," nimelifikiri sana. Jamii huona mtoto ameshika mkono wa mzazi asiyeona, ikasema, "Ana bahati, ana mtu wa kumwongoza," kisha ikapita zake. Mtoto yule amekuwa kama fimbo, na fimbo haiulizwi kama imekula wala kama imesoma. Baba yake Louis Braille, twasoma, alimchongea mwanawe fimbo ili ajifunze njia za kijijini kwao mwenyewe. Yafaa nasi tumpe mzazi fimbo iliyo fimbo, na mtoto tumwache awe mtoto.

Wako watakaonipinga. Watasema, "Kumtumikia mzazi ni wajibu, na radhi ya mama haipatikani kwa kukwepa kazi." Nakubali kabisa. Mimi nachota maji nikiwa likizo, natoa miiba, nasoma kadi za kliniki, na nitaendelea kufanya hivyo maadamu ni hai. Lakini kumsaidia mama ni jambo moja, na kuwa njia ya pekee ya mama kuufikia ulimwengu ni jambo jingine. Mtoto anayemsaidia mama hubaki mtoto mbele yake. Mtoto aliyefanywa macho yake huanza kuchagua mama aone nini na asione nini, kama nilivyofanya mimi. Tena mkono mmoja haulei mwana; wahenga hawakusema kwamba mkono wa pili uwe wa mwana mwenyewe.

Wengine watasema walimu wana wanafunzi wengi na kazi tele. Ni kweli. Lakini wazazi wasioona katika darasa moja hawazidi mmoja au wawili, na mara nyingi hakuna hata mmoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Sheria hiyo haiwezi kupiga simu; sharti apige mtu.

Kwa hiyo naiomba shule yetu mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwanafunzi anapoandikishwa, mzazi aulizwe apenda kupata habari kwa njia gani: kwa barua, kwa simu, au kwa kusomewa ofisini mtoto akiwa nje. Jibu liandikwe kwenye jalada, na lifuatwe. Ziko simu za siku hizi zinazosoma maandishi kwa sauti, lakini mama yangu, kama wazazi wengi vijijini, ana simu ndogo ya vitufe, nayo yatosha kabisa kwa mazungumzo. Wapo pia wazazi wanaoona ambao hawakujaliwa kujua kusoma. Utaratibu huu utawafaa na hao.

Pili, katika mikutano ya wazazi, msemaji asiseme, "Kama mnavyoona hapa ubaoni." Na ayasome yaliyoandikwa. Mama yangu husikia chaki tu, hajui imeandika nini.

Tatu, naliomba baraza la wanafunzi. Mtaro ulio kati ya lango na ofisi hauna kitu cha kuvukia, na mbao tunazo karakana. Sisi wenyewe twaweza kutengeneza kivuko kwa Jumamosi moja. Tena tujifunze kumwongoza mtu asiyeona: mtaje jina lako kwanza, kisha mpe kiwiko akishike yeye, nawe utangulie nusu hatua, usimvute mkono, wala usiishike fimbo yake. Ukifika kwenye ngazi, sema ni ngazi, na kama zinapanda au zinashuka.

Nimeyaomba haya kwa sababu mahafali ya kidato cha nne yako karibu. Mwaka huu yatakuwa mwezi Oktoba, mwezi ambao tarehe 15 huadhimishwa Siku ya Fimbo Nyeupe. Mama atakuja. Fimbo mpya amekwisha kuipata, baba amemnunulia. Atakuja kwa basi pamoja na mama muuza vitunguu, kwa kuwa mdogo wangu atakuwa shuleni. Walimu wangu na wenzangu, akifika langoni, tafadhali msinitafute mimi ili mniambie, "Mwambie mama yako akae pale." Mwamkieni, mwambieni majina yenu, mwambieni yeye mwenyewe mahali pa kukaa. Na kama mwalimu wangu wa darasa ana neno juu ya Hisabati yangu, iwe jema au baya, amwambie mama mwenyewe nami nisiwepo. Nitangoja nje.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne